Mshauri Aliyekuwa Ghalani

Kambini,
Tarehe 29, mwezi wa nne

Mama Pacha mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa pacha wetu. Mimi mzima, ila nimechoka kwa kukaa. Usidhani natania. Wiki nzima nimeshinda ghalani nahesabu mablanketi elfu mbili na mia moja, na kila nikifika elfu moja anaingia mtu kuuliza kama nimeliona kopo lake la rangi. Huo ndio ushauri wa kijeshi ninaoutoa huku. Ukisikia redioni kwamba kulikuwa na mapigano darajani, usihangaike. Daraja liko mbali, na sisi washauri hata kulisogelea haturuhusiwi. Kazi yetu ni chaki na ubao, basi.

Mwandiko usikutie wasiwasi. Nilijigonga bega kwenye kreti.

Sasa nina ombi. Jeshi la wenyeji wetu limeunda tume ndogo kuchunguza mambo ya siku ile ya darajani, tarehe 26, na kila aliyekuwepo kambini anatakiwa atoe maelezo yake kwa chapa, nakala tano. Taipureta ya hapa imeharibika. Nimekuwekea maelezo yangu kwenye karatasi ya ndani: kwamba siku hiyo nilikuwa ghalani toka asubuhi hadi jioni, na sikuona wala kusikia lolote. Nipigie vizuri kama unavyowapigia wateja wako pale kwenye kibaraza cha mahakama, kisha unirudishie nitie sahihi.

Zimebaki wiki sita nistaafu. Miaka ishirini ya jeshi ndiyo hiyo inakwisha, mke wangu. Nakuja kukaa.

Wako,
Baba Pacha


Hospitali ya jeshi,
Tarehe 30, mwezi wa nne

Kwa Mama yetu, mke wa Mwalimu,

Shikamoo Mama. Hunijui. Mimi ni koplo katika kombania anayoishauri mumeo. Sisi tunamwita Mwalimu. Anwani yako naijua kwa sababu barua zake ni mimi niliyekuwa nazipeleka kwenye lori la posta. Uniwie radhi kwa mwandiko, natumia mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa plasta.

Mama, asante. Sijui niongeze nini, kwa hiyo nasema asante tena. Asubuhi ya tarehe 26 risasi ilinipata nikiwa katikati ya daraja. Nililala pale nikijua basi, yangu yamekwisha. Mara nikashikwa ukosi wa koti, nikaanza kuburutwa kama gunia, na huku naburutwa mtu ananigombeza: "Koplo, nilikufundisha kulala chini, sikukufundisha kulala katikati ya barabara!" Huyo ndiye Mwalimu. Akanitupa nyuma ya ukuta, akarudi kumchukua mwingine. Akarudi tena. Safari ya tatu ndipo alipopata ya bega. Alijifunga kitambaa kwa meno, akaenda akakaa kwenye rashasha yeye na wenzetu wanne, akawazuia maadui mpaka majeruhi wote walipovushwa. Mtu wa miaka arobaini na nane, Mama! Magoti yake yalikuwa yanalia tunayasikia.

Baadaye alitukusanya akatuapisha mmoja mmoja tusiseme kwamba alikuwepo, maana kwa sheria zenu mshauri akishika silaha ni kosa. Tumeapa tusimwambie mtu yeyote wa jeshi. Nimewaza sana hapa kitandani, nikaona wewe si mtu wa jeshi. Kwa hiyo kiapo sijakivunja.

Akifika nyumbani, mwongezee nyama.

Mimi mtoto wako,
Koplo


Nyumbani,
Tarehe 5, mwezi wa tano

Baba Pacha,

Jana tarishi kaniletea barua mbili kwa mkono mmoja. Moja inasema umejigonga bega kwenye kreti. Ya pili inasema bega hilohilo limepigwa risasi. Nilizisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Yule karani mstaafu wa jeshi anayeuza stempu meza ya jirani akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Kreti! Hivi wewe unaniona mimi nani? Miaka kumi na saba napiga chapa viapo vya watu. Nimewapigia waliosogeza mipaka ya mashamba, nimewapigia wanaume waliowakana watoto wao wamefanana nao mpaka masikio. Uongo naujua kabla mteja hajavuta kiti, na wako ni wa hali ya chini kabisa. "Sikuona wala kusikia lolote." Aliyekuwa ghalani kweli angesema alisikia milio akajificha chini ya meza. Na hayo mablanketi elfu mbili na mia moja! Nani alikuuliza idadi?

Karatasi yako sijaipiga na siipigi. Nijibu haya. Risasi imetoka au bado iko ndani? Kidonda anakusafisha nani? Na hiyo tume inamchunguza nani? Watu hawaundi tume kutafuta nani alikuwa ghalani.

Na usinijibu kwa utani, utani wako umenifika hapa. Barua hii nimeiandika kwa kalamu kwa sababu kwenye mashine kila neno nakosea. Pacha nimewaambia baba yao hajambo kabisa. Umenifanya na mimi mwongo.

Mama Pacha


Kambini,
Tarehe 9, mwezi wa tano

Mke wangu,

Risasi imetoka. Daktari ananisafisha kila siku na kidonda kinakauka. Huyo Koplo nikimpata nitamvunja na huo mkono wa kushoto.

Haya, nakwambia. Miezi minane nimewafundisha watu wale. Unawachorea daraja ubaoni, wanaitikia "ndiyo Mwalimu", halafu wao wanakwenda kwenye daraja lenyewe, wewe unabaki unafuta ubao. Asubuhi ile niliposikia mizinga nilishindwa kubaki. Nilikwenda darajani. Nilipofika kapteni wao alikwishakufa, na kombania nzima iko mikononi mwa Luteni, mtu wa miaka ishirini na minne. Adui alikuwa anakuja kwa pande mbili. Nikamwambia Luteni avushe majeruhi na watu wote arudi nyuma, mimi nibaki na rashasha na watu wanne. Akakataa. Anasema amri yake ni kulilinda daraja. Nikamwambia tena, akakataa. Mara ya tatu nikamfokea: "Hii ni amri!" Mama Pacha, mshauri hana amri. Hata ya kuagiza chai hana. Lakini nilimfokea kwa sauti ile ninayotumia uwanjani, naye akatii.

Watu thelathini na mmoja wamepona. Daraja lilichukuliwa, siku mbili baadaye likarudishwa.

Anayechunguzwa ni Luteni. Wanasema aliacha daraja bila amri ya mtu. Yeye mwenyewe amenishika mkono akaniomba ninyamaze, nisije nikaharibikiwa wiki chache kabla ya kustaafu. Anasema yake yataishia kwenye karipio, labda kushushwa cheo. Kwa hiyo nakuomba, nipigie ile karatasi, tuyamalize.

Wako,
Baba Pacha


Nyumbani,
Tarehe 13, mwezi wa tano

Baba Pacha,

Karipio? Nimemuuliza Mzee wa Stempu, maana yeye amekaa miaka thelathini na mafaili ya jeshi. Nikamwuliza, ofisa akiacha kituo mbele ya adui bila amri anafanywa nini. Akaacha kulamba stempu akaniangalia. Anasema wanamfunga kwenye nguzo, wanampiga risasi. Ama wewe hukulijua hilo, na hapo sijui miaka ishirini jeshini ulikuwa unafanya nini, ama ulilijua ukanificha. Chagua mwenyewe lipi bora.

Nimekupigia chapa. Nimechukua barua yako ya tarehe 9, toka "nilikwenda darajani" mpaka "naye akatii", nimeondoa chai na manung'uniko. Nakala tano, kaboni mpya. Tia sahihi, peleka leo.

Watakugombeza kwa kwenda kusikoruhusiwa. Wakugombeze. Mimi nakugombeza kila siku na hujafa. Kisha upande lori uje nyumbani.

Mama Pacha


Kambini,
Tarehe 18, mwezi wa tano

Mke wangu,

Nimepeleka. Nakwambia sijawahi kuona kichekesho kama kile.

Mwenyekiti wa Tume akasoma maelezo yangu mpaka mwisho, akavua miwani, akafungua faili. Ndani mna taarifa yangu ya siku ya tarehe 26, nimeandika kwa mkono wangu na kutia sahihi: nilikuwa ghalani. Nikamwonyesha bega. Akatoa cheti cha daktari. Cheti kinasema kreti, kwa kuwa ni mimi niliyemwomba daktari aandike kreti! Nikasema basi waulizwe watu wa kombania. Wakaingia mmoja mmoja, watu thelathini, wakala kiapo wananitazama machoni kwa mapenzi makubwa, wakasema hawakuniona. Nimewapigia kelele, "Semeni ukweli, wapumbavu nyie!" Wanadhani najifanya. Mmoja kanikonyeza.

Hata Koplo! Walimfuata hospitalini. Koplo niliyemburuta kwa mkono wangu ameapa kwamba alitambaa mwenyewe.

Mwenyekiti kaniambia kwa upole kwamba anawafahamu wazee wanaokaribia kustaafu, hupenda kuondoka na hadithi ya kusimulia. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa imebaki kitu kimoja. Barua ya Koplo unayo wewe. Ina tarehe, ina muhuri wa posta, aliiandika kabla hajajua kama kuna tume. Wakiiona hawatakuwa na la kusema. Nitumie haraka sana.

Baba Pacha


Nyumbani,
Tarehe 22, mwezi wa tano

Baba Pacha,

Barua nimeitoa kwenye droo, nikaitia bahasha, nikaenda kwa Mzee wa Stempu kununua stempu. Nikampigia soga tu, nikamwambia mume wangu atagombezwa sana safari hii. Akauliza kwa lipi. Nikamweleza. Yule mzee akaishika ile bahasha akanirudishia. Anasema, "Mama, mshauri aliyeshika silaha na kutoa amri katika jeshi la watu hagombezwi. Anavuliwa cheo, anafungwa."

Ulijua. Toka siku ya kwanza ulijua, ndiyo maana ukawaapisha watu. Barua tatu umeniandikia, na katika barua zote tatu hukupata nafasi ya mstari mmoja wa kuniambia kwamba unachoniomba nikutumie ni kifungo chako. Umenipiga changa la macho tena, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe!

Basi sikutumii. Nimeificha na sikwambii wapi. Nimekuwa mke wa mtu wa likizo toka tuoane. Pacha nimewazaa hupo. Paa limeng'olewa na upepo hupo. Kila mara naambiwa miezi michache tu, mke wangu. Nimesubiri, sikulalamika. Sawa, nililalamika, lakini nilisubiri. Leo zimebaki wiki tatu nawe unataka nichukue bahasha nikupeleke gerezani? Waulize hao thelathini na mmoja, si ndio unaowapenda.

Nakutaka wewe nyumbani. Nimesema.

Mama Pacha


Kambini,
Tarehe 26, mwezi wa tano

Mke wangu,

Una haki. Hukumu ni tarehe 5. Ndani ya bahasha kuna nakala ya maelezo ya Luteni mbele ya Tume.

Baba Pacha

*Mimi Luteni wa kombania niliondoa watu wangu darajani tarehe 26 kwa uamuzi wangu peke yangu. Hakuna mtu aliyenishauri wala kuniamuru. Mshauri wetu alikuwa ghalani. Naomba asisumbuliwe, kwa kuwa ana familia inayomngoja na muda wake wa kustaafu umekaribia.*


Nyumbani,
Tarehe 29, mwezi wa tano

Kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchunguzi,

Mheshimiwa,

Mimi ni mpiga chapa katika kibaraza cha mahakama, na ni mke wa mshauri aliyekwambia kwamba alikuwa darajani nawe ukamwona mzee mpenda sifa. Naambatanisha barua niliyoandikiwa na koplo wa kombania ile tarehe 30 mwezi wa nne. Tazama muhuri wa posta. Kisha muite huyo Koplo, umwekee barua yake mezani, umwambie Mama amesema aache ujinga.

Kazi yangu ni kuandika wanayosema watu, siongezi wala sipunguzi. Nimesoma maelezo ya Luteni mara nyingi kuliko nilivyosoma hati yoyote. Mheshimiwa, yule ni mwongo. Anadanganya vizuri zaidi ya mume wangu, na anadanganya kwa ajili yangu. Anataka afe ili mimi nipate mume wa kukaa naye. Mtu ambaye sijawahi hata kumpikia chai! Nimejaribu kuukubali huo msaada wake. Usiku na mchana nimejaribu. Nimekaa na pacha wangu mezani nikijiambia ni mtoto wa watu wengine, hainihusu. Nimeshindwa.

Aliyetoa amri ni mume wangu. Alishika silaha, alitoa amri asiyokuwa nayo, akawaapisha watu kusema uongo. Yote hayo ni kweli na naapa. Pia mume wangu ni mkaidi, haambiliki, na huficha mambo. Hilo la mwisho mliweke kwenye kumbukumbu.

Nimepiga chapa mwenyewe na kutia sahihi,
Mke wa mshauri

Nakala: mume wangu


Kambini,
Tarehe 10, mwezi wa sita

Mama Pacha,

Nakuandikia upesi, gari liko nje.

Koplo aliwekewa barua yake mezani, akalia kama mtoto, akasema yote. Baada yake wakaja wengine thelathini, safari hii wanagombania nani aseme kwanza, mpaka Mwenyekiti akawafokea wapange foleni. Luteni ameachiwa tarehe 5. Alikuja kwangu amevimba kwa hasira. Hajaniambia asante, ameniambia nimemvunjia kiapo. Tumekaa kwenye kreti (kreti ya kweli hii), kisha akaniomba anwani yako.

Jana asubuhi jenerali wa wenyeji wetu alinisimamisha mbele ya kombania, akanivalisha nishani ya ushujaa. Wakapiga tarumbeta, Koplo akapiga saluti ya mkono wa kushoto. Saa nane mchana akafika ofisa wa jeshi letu na pingu, akanisomea mashtaka: kuwepo darajani, kushika silaha, kutoa amri. Ni mambo yaleyale aliyoyasoma jenerali asubuhi, Mama Pacha, karibu neno kwa neno! Nilicheka. Ofisa akadhani namdharau.

Kesi imekwenda dakika ishirini. Nimevuliwa cheo. Kifungo ni miezi kumi na minane, gereza la jeshi la kule kwetu.

Leo ndiyo ingekuwa siku yangu ya kustaafu. Nilikuahidi nakuja kukaa, na sasa sijui nikuambie nini. Nisamehe. Nisamehe na la kreti.

Baba Pacha


Nyumbani,
Tarehe 15, mwezi wa sita

Baba Pacha,

Kreti sijakusamehe. Mengine nayatafakari.

Nimelia siku mbili, kwa hiyo usije ukadhani mimi jiwe. Wateja nimewapigia chapa huku nafuta macho, mmoja akafikiri namwonea huruma kwa kesi yake, akaniongezea maelezo. Pacha nimewaambia kila kitu, toka daraja mpaka pingu. Wamenuna kwamba walidanganywa. Wamenifuata mimi.

Luteni ameniandikia. Kurasa sita, zote za kuomba radhi, na makosa kila mstari. Nimemjibu ale, alale, na aache kuomba radhi kwa watu asiowajua.

Nimekwenda kuuliza habari za gereza lako. Wanaruhusu wageni kila Jumamosi, toka saa tatu mpaka saa tisa. Basi linanishusha getini. Kutoka hapa kwetu ni mwendo wa saa mbili tu, nimeupima. Baba Pacha, toka tuoane hujawahi kukaa karibu nami hivyo.

Jumamosi nakuja. Jiandae kugombezwa.

Mkeo,
Mama Pacha